Safari ya kwanza ya meli ya kitalii Mediterania, mume na mke kutoka Dar: tuanzie wapi?

Mpwa wa Kimara

Wakuu, habari za mchana.

Mimi na mke wangu tunapanga kupanda meli ya kitalii mwezi Mei mwakani, usiku 7, kuanzia na kumalizia Civitavecchia, ile bandari ya Roma. Ratiba ni Genoa, Marseille, Barcelona, siku nzima baharini, Palermo, bandari moja zaidi ya Italia, kisha kurudi. Pasipoti zetu ni za Tanzania, viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, hatujawahi kuomba, na meli ya namna hii hatujawahi kuikanyaga.

Ninachotaka kujua: tuchukue kabini ya ndani au yenye roshani? Mke wangu huchafukwa na moyo hata kwenye boti ya Unguja, je, atavumilia wiki nzima? Na ile bei ya kwenye tangazo ndiyo bei kweli, au kuna mengine yamefichwa?

Naomba kuwasilisha.

Mzee wa Gati

Mkuu, kabini iache kwanza. Anza na viza, kwa sababu viza ndiyo itakayokupangia siku ya kulipa fedha kubwa.

Maombi ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasipungue siku 15 kabla. Kwa safari ya katikati ya Mei, mlango unafunguka katikati ya Novemba. Kampuni za meli nazo huchukua malipo ya awali, halafu salio hudaiwa kati ya siku 30 na 90 kabla ya kuondoka, kutegemea kampuni na aina ya tiketi. Sasa angalia mtego ulipo: viza ikikataliwa baada ya kulipa salio, kampuni nyingi hazikuhesabii hiyo kuwa sababu ya kurudishiwa. Kwa hiyo nunua tiketi ambayo malipo yake ya awali yanarudishwa au ni madogo kiasi cha kutouma, peleka maombi ya viza Januari, na salio ulilipe pasipoti zikiwa mkononi. Soma tarehe ya salio kwenye karatasi ya tiketi yenyewe, usitegemee maneno ya wakala.

Ubalozi gani? Ni wa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, nchi mnayoingilia kwanza. Kwa ratiba yako ni Italia bila ubishi, hasa mkilala Roma usiku mmoja au miwili kabla ya kupanda. Meli ikianzia Barcelona na kugusa bandari nyingi za Italia, hapo ndipo watu huzungushwa kutoka dirisha moja hadi jingine.

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, ukiongeza ada ya kituo kinachopokea maombi. Bima ya safari iwe na kinga ya matibabu isiyopungua euro 30,000 na itaje nchi zote za Schengen. Uthibitisho wa meli uonyeshe majina yenu wawili, tarehe na kila bandari. Wengi hupeleka risiti ya malipo tu, na afisa hawezi kujua kwa risiti hiyo mtalala wapi siku ya tatu. Ongeza hoteli ya Roma, tiketi za ndege zilizowekwa nafasi, taarifa za benki, barua za ajira na likizo, na cheti cha ndoa.

Italia, Ufaransa na Hispania zote zimo Schengen, kwa hiyo ratiba yako kwa karatasi inahitaji kuingia mara moja tu. Hata hivyo omba ya kuingia mara nyingi. Mkataba wa tiketi huipa kampuni ruhusa ya kubadilisha bandari, na kwenye mzunguko huu si ajabu La Goulette ya Tunisia ikawekwa mahali pa bandari nyingine. Meli ikitia nanga Tunisia umetoka Schengen, na viza ya kuingia mara moja imekufa hapo hapo. Omba pia siku chache za akiba, maana ndege ikichelewa siku moja hutaki kuwa mgeni haramu kwa saa kumi.

Mambo mawili madogo yanayowarudisha watu nyumbani kutoka gatini. La kwanza ni jina: bibi akiwa amebadili jina baada ya ndoa, tiketi ifuate pasipoti, herufi kwa herufi. La pili ni muda wa pasipoti. Sheria ya Schengen inataka miezi 3 baada ya siku ya kutoka, lakini kampuni nyingi za meli zinataka 6. Na hili halisemwi sana kwa wenye ndoa changa: mjamzito atakayefikisha wiki ya 24 kabla ya safari kwisha hapokelewi na kampuni nyingi. Mahesabu hayo mfanye wenyewe chumbani.

Sitaha ya Tisa

Mimi nijibu la kabini na la shemeji kuchafukwa, kwa kuwa ni swali moja.

Boti ya Unguja ni nyepesi, inakimbia na kurukia mawimbi. Meli ya abiria elfu tatu na zaidi inakata maji polepole, na kila ubavu ina pezi chini ya maji linalopunguza mrama, yaani ule mlalo wa kulia na kushoto. Mapezi hayasaidii sana pale omo, yaani mbele ya meli, inapoinuka na tezi, yaani nyuma, kushuka. Mwendo huo ni kama pembea ya watoto: anayekaa nchani anarushwa, aliye katikati hata hajui. Ndiyo maana ukitaka utulivu unachukua kabini ya katikati ya meli na sitaha ya chini. Kwa bahati, hizo mara nyingi si za bei ya juu.

Sehemu ya kuitazama kwenye ratiba yako ni kati ya Marseille na Barcelona, Ghuba ya Lion. Upepo wa mistral unateremka pale kutoka bonde la Rhône na unaweza kuichafua bahari kwa siku nzima. Mei ni afadhali kuliko majira ya baridi, ila usiahidi nyumbani kwamba maji yatakuwa kama ya Forodhani asubuhi.

Dawa: cinnarizine inapatikana maduka ya dawa ya Dar. Kipimo cha kawaida cha mtu mzima ni mg 30 saa mbili kabla ya safari, kisha mg 15 kila saa nane ikihitajika. Soma karatasi ya ndani, na kama kuna ujauzito au dawa nyingine, aulize daktari kwanza. Inaleta usingizi na haipatani na pombe. Kosa la kawaida ni kungoja hadi moyo uchafuke ndipo kumeza. Wakati huo tumbo limeshagoma na kidonge kinarudi kilikotoka. Jioni ya kwanza ameze kabla kamba hazijafunguliwa. Asikae na njaa pia: mkate mkavu, tofaa bichi, chai ya tangawizi. Na atoke nje atazame mstari wa upeo, asibaki chumbani akichezea simu.

Sasa aina za kabini. Ya ndani haina dirisha na ina ukubwa wa meta za mraba 13 hadi 16 hivi. Giza lake ni la kaburini, hujui alfajiri na adhuhuri bila saa. Kwa anayechafukwa si nzuri, kwa sababu jicho halina pa kushika. Yenye dirisha inatosha kabisa. Roshani ni tamu kwa wawili, sitabisha, lakini hesabu saa mtakazoitumia: ratiba yako ina bandari karibu kila siku na siku moja tu ya bahari, meli inatembea usiku. Nisingemshauri mtu alipie roshani mara mbili ya bei ya dirisha kwa mzunguko huu. Kwa safari yenye siku nne za bahari ningesema kingine.

Watauza pia habari ya upande. Kutoka Civitavecchia mkipanda kaskazini hadi Genoa, kisha magharibi, nchi kavu iko kulia kwenu. Lakini ni usiku, mtaona taa tu. Msilipie upande.

Kabla ya kuchagua namba, fungua ramani ya sitaha na utazame kilicho juu na chini ya kabini. Chini ya mkahawa wa kujihudumia kuna viti vinavyoburutwa kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Juu ya ukumbi wa muziki kuna ngoma hadi saa nane usiku. Eneo jeupe lisilo na jina kwenye ramani mara nyingi ni jiko au bohari, na bohari haina usingizi. Kabini bora imekalia kabini nyingine na imekaliwa na kabini nyingine. Kuna tiketi ya bei nafuu ambayo kampuni ndiyo inakuchagulia namba. Kwa shemeji mwenye moyo mwepesi, hiyo acheni.

Halafu waandikie mapema kwamba mnataka kitanda kimoja kikubwa. Kabini nyingi zina vitanda viwili vya mtu mmoja vinavyounganishwa, na msiposema mnaweza kukuta vimetenganishwa na meza katikati kama bweni la sekondari.

Mpwa wa Kimara

Asanteni sana, wazee wangu. La fedha bado. Tangazo linaonyesha bei ya mtu mmoja, na wakala anasema chakula na malazi vimo. Kuna nini kingine? Sisi hatunywi pombe.

Hesabu za Mama Ntilie

Bei ya mtu mmoja kwenye tangazo ni ya watu wawili kulala kabini moja, kwa hiyo zidisha mara mbili. Kisha uliza kama kodi za bandari zimo, maana matangazo mengine huziweka kando.

Kinachofuata ni ada ya huduma, ile bakshishi ya lazima. Kwa meli za Ulaya weka euro 10 hadi 15 kwa mtu mzima kwa usiku. Kampuni za Kimarekani hupita hapo. Kwa euro 12: 12 × watu 2 × usiku 7 = 168. Hukatwa yenyewe kwenye akaunti yenu ya melini hata msipoagiza soda.

Chakula cha mkahawa wa kujihudumia na ukumbi mkuu kimo. Migahawa midogo ya nyama choma ya kizungu, sushi na kadhalika hulipiwa. Kwa maji na kahawa, uliza kwa jina. Kwenye meli kadhaa za Mediterania, maji ya mashine kwenye mkahawa wa kujihudumia ni bure, lakini chupa ileile mezani kwa chakula cha jioni inaandikwa kwenye akaunti. Kahawa ya mashine bure, ya baa unalipa. Kama hamnywi pombe, msinunue kifurushi kikubwa cha vinywaji. Kampuni nyingi humlazimisha kila mtu mzima wa kabini moja kununua kile kile, na siku za bandari mko nje mchana kutwa. Kifurushi cha vinywaji laini, au mlipie kimoja kimoja.

Malipo melini ni kwa kadi ya kabini tu. Hiyo hiyo inafungua mlango, inanunua, na inakuhesabu ukishuka na kupanda. Nyuma yake mnaunganisha kadi ya benki au mnaweka fedha taslimu. Wengi wetu hapa ndipo tunakwama: kampuni inapounganisha kadi huzuia kiasi fulani kama dhamana, na kwa kadi za akiba fedha hiyo inaweza kukaa imezuiwa siku kadhaa hata baada ya safari kwisha. Kama ndiyo kadi mliyotegemea kwa teksi ya Barcelona, mmekwisha. Bebeni kadi mbili za akaunti tofauti, mziambie benki zote mnasafiri, mfungue malipo ya nje na mpandishe kikomo cha siku. Kadi ya kidijitali ya kwenye simu si ya kuitegemea hapa. Au wekeni taslimu ya euro 200 hivi mapokezini. Kilichobaki mnarudishiwa usiku wa mwisho.

Simu! Ikishika mtandao wa meli baharini, dakika chache za data zinaweza kula bei ya chakula cha watu wanne. Hali ya ndege iwashwe kabla ya kuondoka gatini, Wi-Fi peke yake ndiyo ifunguliwe. Intaneti ya meli ni ghali, lakini programu ya meli ya ratiba na menyu kwa kawaida hufanya kazi bila kununua kifurushi. Nunueni laini ya Italia inayofanya kazi nchi zote za Umoja wa Ulaya, mtumie mkiwa bandarini.

Kliniki ya melini nayo ni ya kulipia. Mnalipa, mnachukua risiti, mnadai bima. Bima ya bei ya chini kabisa inayotosha viza mara nyingine haitaji safari ya meli wala kusafirishwa mgonjwa kutoka baharini. Isomeni.

Binti Makunduchi

Kwa chakula: kama ni Waislamu, andikeni ombi la halali kwa kampuni wiki kadhaa kabla, na mkifika muulizeni msimamizi wa ukumbi jioni ya kwanza. Mara nyingi jibu litakuwa samaki na mboga, si nyama ya kuchinjwa. Nguruwe yupo mahali pengi pasipotarajiwa: vipande vidogo kwenye tambi, kwenye maharage, kwenye saladi. Uliza kila siku, usione haya.

Usiku wa nguo rasmi msinunue suti mpya. Kanzu na koti, kitenge kilichoshonwa vizuri, dera la maana, vyote vinapita. Kinachokataliwa ukumbini ni kaptula na ndala.

Sabuni na maji kabla ya kila mlo. Virusi vya kuhara vya norovirus ndivyo maradhi maarufu ya meli, na ile jeli ya spiriti haiviui vizuri kama kunawa.

Na mkikosa Schengen, kuna mizunguko ya Ghuba majira ya baridi kutoka Dubai. Shida yake ni ile ile aliyosema Mzee wa Gati: meli ikitoka Imarati kwenda Oman au Qatar kisha ikarudi Dubai, mnahitaji viza ya Imarati ya kuingia mara nyingi. Angalieni pia hali ya usalama ya wakati huo kabla ya kulipa. Lakini Muscat ina utamu wake: meli hufunga Mutrah, basi la bandari linawashusha getini, na soko liko umbali wa kutembea. Pale mkipatana bei kwa Kiswahili kwa siri, muuzaji anaweza kuwajibu kwa Kiswahili cha Ng'ambo.

Mzee wa Gati

Nimalizie siku ya kupanda na siku za bandari.

Msiruke kutoka Dar siku ya kupanda meli. Fikeni angalau siku moja kabla, ikiwezekana mbili, mwitembelee Roma humo humo. Ndege ikichelewa Addis au Doha, meli haingojei mtu. Kutoka Roma Termini treni ya kawaida hufika Civitavecchia kwa saa moja na kitu. Tiketi ya karatasi igongwe kwenye mashine ya kituoni kabla ya kupanda, la sivyo ni faini hata kama umelipa. Kutoka kituoni kuna basi hadi Largo della Pace, na pale mabasi ya bandari yanawapeleka melini. Siku ya mgomo wa treni, ambayo Italia haikosi, mipango yote hii inavunjika. Tazameni matangazo ya migomo wiki hiyo.

Mizigo mikubwa inavishwa lebo na kuchukuliwa gatini. Inaweza kufika kabini usiku. Begi la mkononi libebe pasipoti, dawa, chaja, nguo moja ya kubadili na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Pasi ya nguo, birika la umeme na waya wa soketi nyingi wenye kinga ya umeme vitashikwa kwenye mashine ya ukaguzi. Plagi zetu za pini tatu bapa haziingii soketi za Ulaya, bebeni adapta mbili.

Kabla ya meli kuondoka kuna zoezi la usalama. Tangu Costa Concordia ipinduke kando ya kisiwa cha Giglio tarehe 13 Januari 2012 na watu 32 kufa, kanuni zilibadilishwa: abiria wote wafanye zoezi kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Mtatazama maelezo, kisha mtaenda kwa miguu hadi kituo chenu cha kukusanyika kadi ziskaniwe. King'ora ni milio 7 mifupi na mmoja mrefu. Tembeeni njia hiyo mara ya pili kwa ngazi, bila lifti.

Bandari zenyewe. Genoa meli inafunga miguuni pa mji wa kale, tembeeni tu. Palermo vilevile, Quattro Canti, njia panda ya mji wa kale, ni dakika 20 hivi kwa mguu. Marseille ni mbali, gati liko kilomita kadhaa kutoka bandari ya zamani, kwa hiyo mtahitaji basi. Barcelona kuna basi kutoka gatini hadi sanamu ya Columbus, mwanzo wa La Rambla, na La Rambla ndiyo Kariakoo ya wachomoaji. Tiketi ya kanisa la Sagrada Família inanunuliwa mtandaoni kwa saa maalumu. Mkienda pale mlangoni bila tiketi mtapiga picha ya nje mrudi.

Muda wa mwisho wa kupanda ni dakika 30 hadi 60 kabla ya meli kuondoka, na unaandikwa kwa saa ya meli. Isomeni sawasawa: 17:30 ni saa kumi na moja na nusu jioni. Ukimwambia mwenzio "saa tano na nusu" kwa haraka ya kutafsiri, tayari mko watu wawili wenye saa mbili. Meli itawangojea waliochukua matembezi ya kampuni yenyewe. Mliojipeleka wenyewe mtaiona tezi yake, na gharama ya kuifuata bandari inayofuata ni yenu. Jiwekeeni saa moja na nusu ya akiba.

Usiku wa mwisho mizigo inawekwa koridoni kabla ya saa saba. Acheni kabini nguo za asubuhi, na viatu, maana kila safari kuna anayeshuka na ndala za bafuni. Ndege ya kurudi kutoka Fiumicino, uwanja wa ndege wa Roma, isiwe kabla ya saa saba mchana. Treni ya kutoka Civitavecchia kwenda uwanjani mnabadilisha kituo cha Trastevere.

Mpwa wa Kimara

Nimeelewa, wakuu. Dirisha, katikati, sitaha ya chini. Jumatatu naenda kumwuliza wakala kama malipo ya awali yanarudishwa.

Sitaha ya Tisa

Akupe kwa maandishi.